Tuzitafute ramani za nyumba zetu kabla hazijatuangukia

Ufa ulianza juu ya mlango wa ukumbini, mwembamba kama uzi wa kushonea kofia. Ilikuwa masika ya mwaka juzi. Niliutia alama ya penseli mwishoni mwake na tarehe pembeni, kwa sababu nimefundisha hesabu miaka 33 katika skuli za Unguja na Pemba na siamini jambo ambalo halijapimwa. Ilipoingia vuli, ufa ulikuwa umeipita alama yangu kwa shibiri nzima. Huko juu, chumbani kwa mama, sakafu ilikuwa imelalia upande mmoja. Ndimu ukiiweka mlangoni ilibiringika yenyewe mpaka chini ya kitanda.

Nyumba yetu iko Kiponda, ndani ya Mji Mkongwe wa Zanzibar. Ni ya ghorofa mbili, ya mawe na chokaa, behewa katikati na duka la zamani mbele. Ilikuwa ya babu yangu mzaa mama. Nilizaliwa humo, mama alipokuja kujifungulia kwao, na nilipostaafu nikarudi humo kumtunza. Ana miaka 86 na hataki kulala pengine.

Fundi wa kwanza niliyemleta alitazama dakika kumi, akasema ufa tuuzibe kwa saruji, tupige lipu ukuta mzima, tupake rangi ya mafuta, kazi ya siku nne. Wa pili alikuwa mzee, mwashi wa chokaa aliyetengeneza misikiti mingi ya mji huu. Yeye hakutaja bei. Aligonga ukuta kwa vifundo vya vidole, akapanda juu, akashuka, akasimama behewani akihesabu kitu kimoyomoyo, kisha akanirudia.

"Mwalimu," akasema, "juu pana ukuta mzito. Chini yake mimi naona uwazi mtupu. Ndivyo nyumba ilivyojengwa hivi, au kuna mtu kaondoa kitu? Ramani yake mnayo?"

Hatukuwa nayo. Nikamwomba anipe muda niitafute. Akaegemeza nguzo tatu za mkoko chini ya ule uwazi na akatukataza kuweka mizigo yoyote chumbani juu. Nguzo zile zilikaa miezi minane. Naandika makala haya kwa ajili ya miezi hiyo minane, kwa sababu haikuwa lazima iwe minane, na kwa sababu ziko nyumba nyingi mjini kwetu, na Mombasa, Lamu, Tanga na Bagamoyo, ambazo zimeshikiliwa na nguzo kama zile au hazijapata hata hizo nguzo, na waliomo ndani hawajui ukuta upi ndio uliowabeba.

Nilianzia kwenye ofisi moja ya umma ambako niliambiwa majalada ya majengo ya zamani yamehifadhiwa. Nilikwenda mara sita. Mara ya kwanza walitaka nambari ya nyumba. Mara ya pili niliipeleka, wakaniambia hiyo ni nambari mpya, faili liko kwa nambari ya zamani, na nambari ya zamani hakuna aliyekuwa nayo. Mara ya sita kijana mmoja mwenye huruma alinichukua mwenyewe mpaka stoo. Nilichokiona humo kimenikaa moyoni. Majalada yalikuwa yamefungwa kwa kamba za katani na kurundikwa sakafuni, chini ya dirisha lisilo na kioo. Ya chini kabisa yalikuwa yamelowa yakakauka, yakalowa tena yakakauka, hata yakashikana kuwa tofali moja. Kijana alijaribu kufungua moja kwa ukucha. Karatasi ikabanduka, wino ukabaki kwenye karatasi ya pili. Nikamwomba aache, maana kila tulipotazama tulikuwa tunaharibu.

Siitaji ofisi ile kwa jina. Stoo kama ile zipo nyingi, Bara na Visiwani, na yule kijana si yeye aliyevunja kioo. Lakini nataka msomaji ajue kuwa ndani ya lile tofali la karatasi mlikuwa na nyumba za watu, na kwamba ziliharibiwa na mvua ya kawaida tu, mwaka baada ya mwaka, kwa kukosa kioo kimoja na rafu.

Nikarudi kwenye sanduku la njumu la mama. Chini ya kanga za harusi yake kulikuwa na hati ya nyumba, imeandikwa kwa herufi za Kiarabu, wino umegeuka kahawia. Mjomba, ambaye alisoma chuoni kwa masheikh wa zamani, alitusomea polepole baada ya sala ya alasiri. Upande wa kibla, nyumba ya muuza samli. Suheli, njia ya watu wote. Matlai, kiwanja cha wakfu. Magharibi, nyumba ya warithi wa jirani. Kisha dhiraa za mbele na dhiraa za ubavuni, majina ya mashahidi, tarehe ya Kiislamu. Basi. Mstari wa mchoro haukuwamo hata mmoja.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba huenda natafuta karatasi ambayo haikuwahi kuchorwa. Nyumba kama zetu zilijengwa kwa kamba, dhiraa na maneno. Mwenye nyumba na fundi mkuu walisimama juu ya kiwanja, wakanyoosha kamba, wakapatana. Kilichobaki kiliamuliwa na boriti. Boriti zetu ni mikoko, nyingi zikiletwa kwa majahazi kutoka delta ya Rufiji, na mkoko wenye unene wa kubeba sakafu ya mawe hauvuki zaidi ya mita tatu hivi. Ndiyo maana vyumba vya nyumba za mawe za pwani ni virefu na vyembamba. Urefu mtu anaweza kuutia anavyotaka. Upana ulikwisha kukatwa na mkata mikoko kabla jiwe la kwanza halijawekwa.

Nilichukua futi na daftari nikapima kila chumba. Chumba cha mama, upana mita 2 na sentimita 90. Chumba cha wageni, mita 2 na 84. Ghala la nyuma, mita 3 kasoro kidogo. Nikashuka ukumbini, chini ya ule ufa, nikapima mara mbili kwa kuwa sikuamini: mita 6 na sentimita 30. Nimecheza humo utotoni, nimekaa matanga humo, nimepokea posa za wanangu humo, na hata siku moja sikuwahi kujiuliza boriti gani ya mkoko inavuka mita sita. Ewe unayeishi nyumba kongwe ya mawe, ukiingia chumba kipana namna hiyo na huoni nguzo katikati, uliza ukuta wa hapo umekwenda wapi. Swali hilo halihitaji ofisi wala ada.

Lakini jibu lake lilihitaji. Kujua kwamba ukuta ulikuwapo si kujua ulipita wapi hasa, ulikuwa na unene gani, wala nani aliuondoa na akaweka nini mahali pake.

Msaada ulitoka Muscat. Binamu yangu anaishi huko. Wazee wake waliondoka Unguja wakati wa Mapinduzi ya mwaka 1964, na kama familia nyingi walichukua nguo, dhahabu kidogo na karatasi. Nilimpigia simu nikamuuliza kama kuna lolote la nyumba ya Kiponda. Baada ya wiki mbili akanitumia picha za daftari la hesabu la babu wa mama. Halikuwa ramani. Ilikuwa orodha ya manunuzi: makapu ya chokaa, ujira wa mafundi na vibarua, na boriti korija 7 na 12 juu yake. Korija ni 20, kwa hiyo boriti 152.

Nilipanda na tochi nikazihesabu zote, ghorofa kwa ghorofa, chumba kwa chumba. Zilitimia 139. Kumi na tatu hazikuwepo. Nikazunguka tena nikitazama juu, na safari hii niliona nilichokuwa nimekipita miaka yote: dari iliyo chini ya choo cha ghorofani haina boriti. Ni zege. Babu wa mama hakujenga kwa zege. Kuna mtu alikuja baadaye akang'oa boriti 13, akamwaga zege na kuweka choo cha maji. Na kazi ya namna hiyo mjini, wakati wa utawala wa Waingereza, ilihitaji kibali, na kibali kilihitaji mchoro.

Basi nikaenda Nyaraka za Taifa, Kilimani. Nitasema wazi kwamba pale nilipokewa vizuri. Unajaza fomu, unapewa orodha za majalada, unakaa na penseli yako, maana kalamu ya wino hairuhusiwi, na unasubiri faili liletwe. Kazi ni ya subira, kwa sababu karani wa zama zile aliandika jina la babu yangu kama lilivyomwingia sikioni; nimelikuta kwa tahajia tatu tofauti, mojawapo ikiwa imeliunga jina lake na la baba yake kuwa neno moja. Nilikwenda siku 11. Siku ya tisa faili lilikuja, la mwaka 1937, jembamba, barua sita na kitu kimekunjwa mara nane.

Niliposaidiwa kukikunjua, ilikuwa nyumba yetu.

Ilichorwa juu ya kile kitambaa cha kuchorea cha zamani, chembamba, kilichotiwa wanga, ukikiinua kinapitisha mwanga. Mchoraji alikuwa na mkono mtulivu. Kuta za zamani alizitia rangi nyeusi, kazi mpya nyekundu, na mfereji wa maji machafu akauvuta kwa mistari ya nukta mpaka uchochoroni. Pembeni aliandika kipimo: inchi moja kwa futi nane. Choo kilikuwepo, chekundu, na zege lake. Na chini, katikati ya ukumbi wetu, kutoka ukuta wa behewa hadi ukuta wa njiani, ulipita ukuta mweusi mnene wenye mlango mmoja wa futi tatu. Niliupima kwa rula: futi moja na inchi kumi. Sentimita 56. Ukuta wa chumbani kwa mama, ule unaoshuka, nilikuwa nimeshaupima nyumbani na daftari nilikuwa nalo. Sentimita 56.

Nilipiga picha kwa simu, bila mwanga wa kamera, nikaipeleka kwa mama. Aliishika mbali na uso, akaisogeza karibu, akaigeuza kidogo. Kisha akaweka kidole kwenye ule mlango wa futi tatu. "Hapa palikuwa na ghala la baba," akasema. "Tukijificha nyuma ya mlango huu tukisubiri atuite." Miezi yote nilikuwa nikimuuliza kama paliwahi kuwa na ukuta, naye akisema hakumbuki. Aliolewa Wete akiwa msichana na aliporudi mwaka 1979 sehemu ya chini ilikuwa imekodishwa kwa miaka mingi kuwa bohari. Mpangaji alitaka nafasi ya kupitisha mizigo.

Yule mwashi mzee alipouona mchoro hakubahatisha tena. Alipima kutoka pembe ya behewa, akatia chaki, akachimbua lipu sehemu mbili tu, kila moja ukubwa wa sinia. Nyuma ya lipu palikuwa na mhimili wa chuma ambao mpangaji aliutia alipobomoa ukuta, na chuma hicho kwa kuvuta chumvi ya bahari kilikuwa kimevimba kutu tabaka kwa tabaka, kama chapati. Kutu ikivimba inasukuma mawe, ikimomonyoka inayaacha. Ndiyo siri ya ule ufa. Lau tungemsikiliza fundi wa kwanza tungeifunika kwa saruji. Saruji juu ya ukuta wa chokaa hufungia unyevu ndani, unyevu ungeendelea kula kile chuma na ncha za boriti, na sisi tungekuwa tumekaa chini yake tukiusifia ukuta kwa weupe wake.

Sasa niseme ninalolitaka.

Majengo makubwa ya Zanzibar yanafahamika vizuri. John Houston Sinclair, ofisa wa Uingereza aliyekuwa msanifu majengo kwa fani yake, ndiye aliyebuni Mahkama ya Vuga na Beit el Amani lililofunguliwa mwaka 1925, na kila anayeandika kuhusu mji humtaja. Mpango wa mji wa Lanchester wa mwaka 1923 ulichapishwa kitabu kizima. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Mji Mkongwe ulikaguliwa jengo kwa jengo, yapatayo 1,700, kwa ajili ya mpango wa uhifadhi uliogharimiwa na Taasisi ya Utamaduni ya Aga Khan, na mwaka 2000 UNESCO ikautia mji katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mwaka 2016 droni zilianza kuipiga picha Unguja yote kutoka juu. Kule Kilwa Kisiwani, magofu yamepimwa kwa leza na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Cape Town. Yote hayo ni mema na nayashukuru. Lakini droni inaona paa, haioni kama chini ya paa pana ukuta. Kukagua nyumba na kuandika hali yake ni jambo moja, kuipima chumba kwa chumba ni jingine. Na inauma kuona gofu ambalo halina mtu linajulikana kwa milimita, ilhali nyumba wanamolala watoto wanane haina hata mchoro wa penseli.

Watu watasema ramani ni mambo ya wapenda kale. Mimi nakataa. Beit el Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, liliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020 likiwa katika matengenezo, na wawili wakafa. Kule Dar es Salaam, tarehe 29 Machi 2013, jengo jipya la ghorofa 16 mtaa wa Indira Gandhi lilianguka na kuua watu 36, na kilichobainika ni kuwa kibali kilikuwa cha ghorofa 10. Nayataja haya mawili kwa sababu moja. La kale au jipya, anayelibeba kichwani mwake ni anayekaa ndani, na mchoro ndio unaomwezesha kulinganisha kilichoidhinishwa na kilichopo. Pasipo mchoro hana cha kulinganisha. Anasubiri ufa umwambie.

Ninataka, kwanza, zile stoo zifunguliwe. Majalada ya majengo yaliyoko kwenye ofisi mbalimbali yapelekwe Nyaraka, yakaushwe, yaorodheshwe, na michoro itolewe kwenye mikunjo yake ilazwe bapa inavyostahiki. Kitambaa cha kuchorea kina wanga. Tone la maji linakiharibu. Karatasi za buluu zenye mistari myeupe hufifia zikikaa kwenye mwanga. Hivi si vitu vya kusubiri bajeti ya mwaka kesho kutwa. Kioo cha dirisha bei yake inajulikana.

Pili, kila anayeomba kibali cha kutengeneza nyumba kongwe apimiwe nyumba yote kwanza, si ile sehemu anayotaka kuigusa tu, na nakala moja ya mchoro iende Nyaraka na nyingine abaki nayo mwenye nyumba. Najua hili lina gharama na wenye nyumba wengi ni wajane na wastaafu kama mimi. Ndiyo maana nasema kazi hiyo wapewe vijana. Tunayo Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Karume hapa Unguja. Chuo Kikuu Ardhi kipo Dar es Salaam. Kila mwaka wanafunzi hupewa mazoezi ya kupima na kuchora. Wapewe nyumba zetu. Kijana mmoja na mwenzake, futi, daftari, siku tatu kwa nyumba: kwa darasa la wanafunzi 40 hiyo ni nyumba 20 kabla wiki haijaisha. Mimi nimefundisha watoto wasiopenda hesabu nikaona wanavyobadilika wakipewa kitu cha kweli cha kupima.

Kuna hofu ninayoijua, na sitaki kuipuuza kwa kuwa imo hata ndani ya familia yangu. Baada ya 1964 nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilichukuliwa na Serikali, familia zikaingizwa chumba kwa chumba, na karatasi ya nyumba ikawa kitu cha kuficha. Mpaka leo wapo warithi wanaodhani kuipeleka ramani ofisini ni kumwonesha mtu njia ya kukunyang'anya, na wapo wapangaji wanaodhani anayekuja na futi amekuja kuwatoa. Jirani yetu mmoja alikataa kunifungulia mlango nipime upande wake wa ukuta tunaochangia. Alifungua mwezi wa tatu, alipoona ule ufa umemfikia. Ni lazima tuambiane ukweli huu kwa upole: mchoro haumpi mtu umiliki wala haumwondolei. Umiliki una hati zake, mirathi ina kadhi wake, wakfu una kamisheni yake. Mchoro unasema ukuta upo hapa na una unene huu, basi.

Na walioko nje, Muscat, Dubai, London, Toronto, ombi langu kwao ni jepesi zaidi. Ndani ya masanduku ya bibi zenu mna madaftari ya boriti, risiti za chokaa, barua za kuomba mfereji, picha za harusi ambazo nyuma ya bibi harusi panaonekana mlango au ngazi ambayo leo haipo. Msiitupe karatasi kwa kuwa hamuwezi kuisoma. Ipigeni picha muitume nyumbani. Korija 7 na 12 juu yake, mstari mmoja katika daftari, ndio ulionipeleka Kilimani.

Kibali chetu kilitoka, na kazi ilichukua miezi mitatu kwa sababu chokaa haiharakishwi. Mwashi aliujenga ukuta ule mahali ulipochorwa, kwa mawe na chokaa, sentimita 56, na akaacha mlango wa futi tatu. Kile chuma kilitolewa vipande vinne. Alama zangu za penseli bado zipo juu ya mlango wa ukumbini. Ya mwisho ina miezi 14 sasa, na ufa haujaipita.

Nyumba yote nimekwisha kuichora, ghorofa zote mbili na dari. Nakala moja nimeipeleka Kilimani, moja iko Muscat, moja imo sandukuni mwa mama juu ya ile hati. Nimeanza na nyumba za mtaa wetu, na mpaka ninapoandika haya nimepima tatu. Atakayetaka kusaidiwa kupima chumba chake cha kwanza, Jumamosi asubuhi niko nyumbani. Aje na futi, daftari, na mtu mmoja wa kumshikia ncha ya pili.